Baki Tisa

Mwalimu Masatu amezikwa Butiama Jumamosi iliyopita, na mimi kidogo nisifike. Wanangu waliponiuliza kwa nini nasitasita niliwaambia ni magoti. Uongo. Magoti yangu ni mazima, yamenisimamisha mbele ya ubao miaka thelathini na nne na hayajawahi kulalamika. Kijana wa bodaboda aliyenichukua njia panda nilimsimamisha mara mbili. Mara ya kwanza nilisema nimesahau mwamvuli. Mara ya pili nilishuka tu nikasimama kando ya shamba la mihogo nimekumbatia mkoba. Akazima pikipiki, akanitazama. "Bibi, tunaenda msibani au hatuendi?" Nikapanda tena. Marehemu sikumwogopa. Niliyemwogopa ni Wegesa, ambaye nilijua lazima atakuwepo, na ambaye sikuwa nimemwona tangu tukiwa wasichana, ingawa anaishi Guta na mimi nimepita Bunda kwa basi mara zisizo na idadi. Kila nikipita nilikuwa nageukia dirisha la upande wa pili. Habari za kuzaliwa kwangu, za baba na mama na ukoo, naziruka, hazina msaada hapa. Nataka kueleza mwaka mmoja, na ndani ya mwaka huo alasiri moja, na ndani ya alasiri hiyo hesabu moja ya kugawanya niliyopewa na sikuifanya.

Mwaka huo nilikuwa kidato cha tatu Musoma, nimepanga chumba Mwisenge na wasichana wenzangu wawili waliokuwa wakigombana kuhusu ndoo kuanzia asubuhi. Mimi nilikuwa nawakimbia kwenda kwa Mwalimu Masatu, nyumba ya nne kutoka kwetu. Chumba chake cha nyuma kilikuwa na dirisha moja, benchi, meza yenye mguu mmoja mfupi uliowekewa kipande cha tofali, na ukuta mzima aliokuwa ameupaka weusi kwa unga wa betri kuukuu ili uwe ubao. Ukiuegemea ulitoka na mgongo mweusi, na wenzangu walinicheka kwa hilo muhula mzima. Mwalimu alikuwa ameondolewa darasani. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, hakuona tena mwandiko wa daftari, na shule ikampa kazi ya kutunza stoo ya majembe na viti vibovu. Hakulalamika mbele yetu. Alikuwa akirudi saa tisa, anakunywa uji, kisha anakaa kwenye kigoda akitazama ule ukuta mweusi ambao hakuuona vizuri, na anasema, "Haya, nisomeeni." Tulimsomea kwa sauti, naye alifundisha kwa masikio. Mpaka leo sijawahi kumsikia mtu anayesikia kosa la hesabu kama alivyokuwa akilisikia yule mzee.

Wegesa alikuwa akiishi humo ndani. Alikuwa ametoka shule fulani ya wilayani, na wiki ya mtihani wa kidato cha pili alilazwa na malaria iliyompanda kichwani. Alifanikiwa kufanya mitihani mitatu tu. Ule wa hesabu aliufanya akiwa na homa, akapata zote. Mingine ikahesabika sifuri na jina lake likatolewa shule, kwa kuwa kanuni haikuwa na nafasi ya kuuliza mtu alikuwa wapi. Mwalimu alisikia habari zake kwa mwalimu mwenzake, akamfuata mpaka kwa shangazi yake Guta, akamwombea aje akae kwake, amsaidie mkewe, ambaye sote tulimwita Mama, kazi za nyumba na aendelee kujifunza. Afisa elimu mmoja aliyemfahamu Mwalimu tangu zamani alitoa ahadi. Mwishoni mwa mwaka kungekuwa na maonyesho ya hesabu Bunda, na kama binti huyo angeonyesha pale kitu cha kichwa chake mwenyewe, kitu ambacho mtu hawezi kusema amekariri, basi yeye angeandika barua arudishwe kidato cha pili. Hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee. Tuliijua sote watatu, na Mama pia aliijua, kwa hiyo hata kuosha vyombo kwa Wegesa kulikuwa kunapunguzwa siku za hesabu nyingi.

Kitu chenyewe kilitoka kwenye kitabu cha zamani cha Mwalimu, chenye jalada la bluu lililobaki uzi. Kilieleza habari za namba kamilifu. Chukua sita. Zinazoigawa bila baki, ukiiacha yenyewe, ni moja, mbili na tatu. Zijumlishe, unapata sita ileile. Chukua ishirini na nane: moja, mbili, nne, saba, kumi na nne. Jumla ishirini na nane. Namba za namna hiyo ni chache mno. Ya tatu ni mia nne tisini na sita, ya nne ni elfu nane mia moja ishirini na nane. Halafu kitabu kinasema, "na ya tano ni," na hapo mchwa walikuwa wamekula. Walikula kona ya ukurasa ule na wa nyuma yake, wakaacha tundu la ukubwa wa kiganja. Mwalimu alikuwa amelipapasa lile tundu miaka mingi. Aliniambia siku ya kwanza, akicheka, kwamba mchwa wa Mwisenge wanajua namba ambayo yeye haijui. Akaamua Wegesa ataitafuta, na mimi nimsaidie, kwa kuwa kabla ya Wegesa kuja mimi ndiye niliyekuwa mwanafunzi wake bora na alidhani nitafurahi.

Mama, mkewe, hakuipenda kazi ile. Walikuwa hawajajaliwa mtoto, na Mwalimu alikuwa mwangalifu sana naye. Shuleni tulifundishwa kuiita namba isiyogawika na nyingine yoyote "namba tasa," lakini ndani ya nyumba ile Mwalimu hakulitamka neno hilo hata siku moja. Alisema "namba ya peke yake," nasi tukamfuata. Vigawanyo tuliviita watoto wa namba, na hapo ndipo Mama alipokuja juu. "Sisi kwetu hatuhesabugi watoto," alisema amesimama mlangoni na mwiko. "Wala ng'ombe. Ukinyoosha kidole, moja, mbili, tatu, unakiita kifo kije kichukue chake. Pelekeni hiyo tabia yenu nje ya nyumba yangu." Mwalimu akamuuliza kwa upole, "Sasa kwenu jioni mlijuaje kama ng'ombe wamerudi wote?" Mama akamshangaa. "Si unaita? Unaita kila mmoja jina lake, na yule aliyechunga anajibu. Akisema yumo, yumo." "Na kama mtu ana wasiwasi?" "Awe na wasiwasi wa nini? Uende ukahesabu nyuma ya mtu aliyechunga kutwa? Huko ni kumwambia mwongo mbele ya watu. Kwetu kwa jambo hilo watu walikuwaga wanachinja mbuzi kuomba radhi." Mwalimu alifurahi kama aliyepewa zawadi. Kuanzia siku hiyo ndivyo tulivyofanya. Tulifanya kazi zetu kimya, kisha yeye akaita kila namba kwa jina, na yule aliyepewa kuichunga akajibu. Alisema Mama ametupatia mbinu isiyohitaji macho. Na akasema tutaiheshimu yote kama ilivyo: mtu akishajibu, harudiwi.

Miezi ya mwanzo tuliipoteza. Tulianza baada ya elfu nane mia moja ishirini na nane tukaenda mbele namba kwa namba, tukizitafutia watoto na kuwajumlisha. Daftari kumi na mbili zilikwisha hivyo, na hatukufika mbali. Vidole vyangu vilikuwa na wino mpaka wakati wa kula. Tulikula pale pale, kwenye mkeka wa chumba cha kati, ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama na furu waliopikwa na nyanya chache, wale samaki wadogo wenye miiba ambao Mama alikuwa akiwanunua kwa fungu. Wegesa alikuwa akila polepole sana huku midomo inatikisika, anagawanya. Siku moja aliacha kula kabisa, akachukua punje za mahindi kwenye ungo akazipanga sakafuni. "Mwalimu, hatuna haja ya kupita zote," alisema. "Sita ni mbili mara tatu. Ishirini na nane ni nne mara saba. Ile ya tatu ni kumi na sita mara thelathini na moja. Ya nne ni sitini na nne mara mia moja ishirini na saba. Kila mara ni kudabo tu. Unaanza moja, mbili, nne, nane, unaendelea. Unajumlisha. Jumla ikiwa namba ya peke yake, unaizidisha na ile ya mwisho uliyoidabo." Mwalimu alibaki na tonge mkononi mpaka likapoa. Kisha akacheka kicheko cha mtoto, akapapasa hewani akitafuta kichwa cha Wegesa ili akishike, na akaniambia mimi, "Paskazia, umesikia? Umemsikia huyu?" Nilisema nimesikia. Nakumbuka mwiba wa furu ulikuwa umenasa kwenye fizi yangu na niliushughulikia kwa ulimi ili nisilazimike kuinua uso. Niliona wivu. Sikuwa na neno hilo wakati ule, nilidhani ni mwiba.

Baada ya hapo kazi ilikuwa nyepesi na ya furaha, kwa wao. Tuliendelea kudabo na kujumlisha kuanzia pale kitabu kilipoishia. Mia mbili hamsini na tano inaishia na tano, haifai. Mia tano na kumi na moja inagawika kwa saba. Elfu moja ishirini na tatu inagawika kwa tatu. Ikafuata elfu mbili arobaini na saba, na hii ilikuwa na sura nzuri, haikukubali mbili, wala tatu, wala tano. Mwalimu akasema tuijaribu kwa makini. Ili kujua kama ni ya peke yake ilitosha kuigawa kwa namba za peke yake mpaka arobaini na tatu, kwa sababu zikizidi hapo mwenzake angekuwa mdogo na tungekuwa tumeshamkuta. Zilibaki kumi na moja. Tukagawana kwa kupishana. Wegesa akachukua saba, kumi na tatu, kumi na tisa, ishirini na tisa, thelathini na saba, arobaini na tatu. Mimi nikachukua kumi na moja, kumi na saba, ishirini na tatu, thelathini na moja, arobaini na moja. Yeye sita, mimi tano.

Ilikuwa saa kumi hivi. Nilifanya kumi na moja, nikafanya kumi na saba, kisha nikaruka kwenda thelathini na moja na arobaini na moja kwa sababu ndizo nilizoziona ngumu na nilitaka zitoke njiani. Wegesa alikuwa ameshamaliza zake, amekaa anachezea chaki. Mama akaniita jikoni nikamsaidie kutoa matumbo ya furu, kwa kuwa machoni pake Wegesa ndiye aliyekuwa na kazi ya maana na mimi, nadhani, sikuwa nayo. Nikaacha ishirini na tatu nikaenda. Jikoni nilikaa na kisu, na upande wa pili wa ukuta wa matete Mama alikuwa ametoka akiongea na Mwalimu uani. Nilisikia kila neno. "Na isipokubali huko Bunda, huyu mtoto anarudi wapi?" "Guta." "Kwa shangazi? Kwenye pamba?" "Ni huko tu, mke wangu. Hana pengine." "Basi hapo amekwisha." "Ndiyo maana nasema lazima ikubali." Mama akasema, "Huyu angekuwa wangu, ningelala." Sijui kama watu wanaelewa kwa nini naandika hili. Naliandika ili nisije nikajidanganya uzeeni kwamba sikujua uzito wa jambo lenyewe. Nilijua, nikiwa na matumbo ya samaki mikononi.

Niliporudi Mwalimu alikuwa ameshakaa kwenye kigoda. Akaanza kuita papo hapo. "Saba!" "Zinabaki tatu," akasema Wegesa. "Kumi na moja!" "Inabaki moja," nikasema. "Kumi na tatu!" "Zinabaki sita." "Kumi na saba!" "Zinabaki saba." "Kumi na tisa!" "Zinabaki kumi na nne," akasema Wegesa, haraka, bila kutazama karatasi, na Mwalimu akatabasamu na kusema, "Sikiliza hiyo kasi." Kisha akaita, "Ishirini na tatu!" Nilipaswa kusema "bado." Ni neno dogo, watoto wa darasa la kwanza wanalisema siku nzima. Angenisubiri dakika moja. Lakini Wegesa alikuwa amegeuka kunitazama, wala si kwa ubaya, alikuwa akisubiri tu, na mimi nilikuwa nanuka samaki. Nikasema, "Zinabaki tisa." Mwalimu akaita ishirini na tisa. Wegesa akajibu. Tukaenda mpaka arobaini na tatu, na hakuna aliyerudi nyuma, kwa sababu tulikuwa tumekubaliana kwamba mtu akishajibu harudiwi. Nilijiambia nitaigawa nikifika chumbani. Chumbani niliwakuta wenzangu wanagombana tena kuhusu ndoo, nikawaamua, nikalala.

Kesho yake Wegesa alizidisha elfu mbili arobaini na saba kwa elfu moja ishirini na nne, akapata milioni mbili tisini na sita elfu mia moja ishirini na nane. Tukaorodhesha watoto wake wote tuliowajua na kuwajumlisha ukutani. Ikatoka ileile, tarakimu kwa tarakimu. Leo najua ilikuwa lazima itoke, maana hesabu ikianzia kwenye uongo inaufuata uongo huo kwa utii mpaka mwisho. Siku ile tuliruka. Mama mwenyewe aliingia na kupiga kigelegele mbele ya namba ambayo hakujua inafanya nini. Mwalimu alikwenda ukutani akapapasa ile jumla kwa kiganja, akaifuta nusu bila kujua, na machozi yakawa yanatiririka kwenye yale macho meupe. Akasema, "Ya tano." Wegesa alinikumbatia akanipaka chaki. Nilifurahi kweli. Nilikuwa nimesahau, au nilikuwa nimejifunza kusahau kwa siku moja. Kisha Wegesa akanunuliwa karatasi ya manila, akaandika kazi yote kwa mwandiko wake mzuri wa kulala, na upande wa kushoto akapanga zile namba na baki zake. Ya sita kutoka juu: ishirini na tatu, baki tisa.

Wiki tatu baadaye tulikwenda Bunda kwa basi la asubuhi, Mwalimu amevaa koti lake la harusi. Ukumbi ulikuwa na madirisha mengi na harufu ya mbegu za pamba kutoka ghala la jirani. Watoto wa shule nyingine walikuwa wameleta mizani za mbao na michoro ya pembetatu. Wegesa alisimama mbele ya manila yake akaeleza namba kamilifu, mchwa, kudabo, punje za mahindi. Alieleza vizuri kuliko nilivyowahi kueleza mimi katika miaka yangu yote ya kazi. Afisa elimu alikuwa akitikisa kichwa na kuandika kwenye karatasi yake. Ndipo mkufunzi mmoja kijana, mwenye kalamu mbili mfukoni, akasogea, akasoma safu ya kushoto kwa kidole, akasimama pale kwenye ya sita. Hakuwa na nia mbaya. Alichukua chaki akaandika ubaoni, akagawanya. Themanini na tisa. Hakuna baki. Akasema, "Aa, samahani, hii inagawika," na watu wa nyuma wakacheka, si sana. Wegesa aliitazama ile themanini na tisa. Mwalimu hakuiona, ilibidi asomewe. Alisomewa na afisa elimu, sikioni, kwa sauti ya chini ya mtu anayetoa habari ya msiba.

Mwalimu akageukia upande tuliokuwa, ingawa si sawasawa, alikuwa akimtazama mtu aliyesimama kati yetu ambaye hakuwepo. "Nani alijibu ishirini na tatu?" akauliza, maana wiki tatu zilikuwa zimepita na sauti zetu zilikuwa zimemchanganyikia. Sikujibu. Naweza kuuelezea ule ukumbi wote, rangi ya mapazia, mbuzi aliyekuwa akilia nje, lakini siwezi kueleza kwa nini mdomo haukufunguka. Wegesa akasubiri. Kisha akasema, "Mwandiko ni wangu, Mwalimu." Hakusema alijibu. Alisema mwandiko ni wake, na watu wote wakasikia walichotaka kusikia. Afisa elimu akaikunja karatasi yake mara mbili akaitia mfukoni. Tulirudi na basi hilohilo mpaka njia panda ya Guta tu, sisi wawili mimi na Mwalimu tukaendelea, na Wegesa akashuka na mfuko wake wa rambo aende Guta, kwa sababu hapakuwa na sababu tena ya yeye kurudi Mwisenge. Manila aliiacha kwenye kiti. Niliikalia mpaka Musoma.

Mimi nikaendelea. Nilimaliza kidato cha nne, cha sita, nikasomea ualimu wa hesabu, nikafundisha Tarime, Serengeti na hatimaye Musoma yenyewe. Chuoni, kwenye maktaba, nilifungua kitabu chenye kurasa zake zote nikaikuta ya tano: milioni thelathini na tatu, mia tano hamsini elfu, mia tatu thelathini na sita. Inatoka kwenye elfu nane mia moja tisini na moja. Ni kudabo mara mbili tu baada ya pale tulipokosea. Kama ningesema "bado," nikagawanya, nikaona inagawika, Wegesa angeruka hiyo, angeruka ile inayofuata inayoishia na tano, na angekuwa ameikuta ya kweli. Kuijaribu ile kwa mikono ni kazi ya siku moja. Nilijaribu pale maktaba. Tulikuwa na wiki tatu mkononi. Nilirudisha kitabu, na mwaka huo niliomba nipangwe mbali na Bunda. Kila mwaka nilipowafundisha watoto hizi namba za peke yake na kufika ishirini na tatu niliwaambia waandike wenyewe, mimi nikaenda dirishani.

Msibani Butiama walikuwa wameshazika nilipofika. Wegesa alikuwa nyuma ya nyumba na wanawake wengine, wanamenya ndizi. Nywele zake ni nyeupe zote, na vidole vyake vimepasuka na kupinda mwishoni, vidole vya kuchuma pamba. Akasogea kidogo kwenye gogo nikae. "Paska. Umezeeka." "Na wewe." "Mimi nilizeekaga zamani," akasema, akanipa kisu. Tukamenya. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi neno langu tangu Musoma na lilitoka vibaya, katikati ya kelele za masufuria. "Wegesa, ile ishirini na tatu ilikuwa yangu. Sikuigawa."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu pale ukumbini siku ileile. Zangu nilikuwa nazijua zote. Saba, kumi na tatu, kumi na tisa, ishirini na tisa, thelathini na saba, arobaini na tatu. Hiyo yako haikuwemo. Na waliokuwa wakijibu tulikuwa wawili tu."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema mimi, ingekuwa kujitetea. Nilikuwa nasubiri useme wewe." Akatupa ndizi kwenye beseni. "Miaka ya mwanzo basi likisimama barabarani nilikuwaga nasema leo Paska amekuja. Baadaye nikaacha. Yeye alikujaga mara moja, Mwalimu. Haoni kabisa, ameshikwa mkono. Alikaa pale kwangu akanywa maji, akaniambia, 'Mwanangu, nimekusamehe.' Nikamwambia asante, Mwalimu."

Nilimwomba msamaha. Nilipiga magoti kabisa, haya magoti yangu mazima, kwenye maganda ya ndizi, mpaka wanawake wengine wakaacha kumenya wakidhani nimezidiwa na msiba. Wegesa hakukasirika. Alionyesha kwa kisu upande wa kaburi, ambako vijana walikuwa bado wanasawazisha udongo. "Aliyetakiwa kuambiwa ni yule," akasema. "Mimi nilikuwa najua." Kisha akafuta mikono kwenye kitenge, akachukua karatasi ya ratiba ya mazishi iliyokuwa kwenye mkoba wangu, akaigeuza upande mweupe, akaiweka mapajani mwangu. "Una kalamu? Wewe ni mwalimu, lazima una kalamu. Igawanye."

Nikaigawanya. Ishirini na tatu kwenye mia mbili na nne, mara nane, mia moja themanini na nne. Zinabaki ishirini. Shusha saba. Ishirini na tatu kwenye mia mbili na saba, mara tisa kamili. Wegesa alifuata kalamu kwa macho, midomo inatikisika vilevile.

"Baki?"

"Hakuna."

"Imechukua muda gani?"

"Haijafika dakika."

Akatikisa kichwa, taratibu, kama mtu aliyekuwa anataka tu kuhakikisha. Akavuta beseni la ndizi karibu na miguu yake. "Haya. Nenda mbele ukale, wageni wa Musoma wanaitwa," akasema, na akaendelea kumenya. Sauti ilikuwa inaita kweli. Nikaiacha ile karatasi kwenye gogo, nikaenda, nikachukua sahani, nikasimama kwenye mstari.